Maisha ya Abu Rayhan Al-Biruni, Aliyetafuta Kila Ilimu kwa Wenyewe

KUZALIWA NA KUSOMA KWAKE

Abu Rayhan Muhammad bin Ahmad Al-Biruni, Mwenyezi Mungu amrehemu, alizaliwa mwezi 3 Mfunguo Tatu mwaka 362 wa Hijra, yaani Septemba 973, katika mji wa Kath, uliokuwa makao ya wafalme wa Khawarizm, kando ya mto Amu Darya. Mahali hapo leo ni sehemu ya Uzbekistan. Neno biruni kwa Kiajemi maana yake ni mtu wa nje, na husemwa ya kuwa aliitwa hivyo kwa kuwa alizaliwa kiungani wala si ndani ya mji.

Mwalimu wake mkubwa alikuwa Abu Nasr Mansur bin Iraq, mtu wa ukoo wa kifalme na bingwa wa hisabu na falaki. Kwake alisoma handasa ya Wayunani na mwendo wa nyota. Na kabla hajatimia miaka 20 alikuwa amekwisha pima kimo cha jua katika mji wake, akajua mahali pake katika ardhi.

KUHAMA KWAKE

Mwaka 385 (995) palitokea vita katika Khawarizm. Amiri wa Gurganj alimpindua mfalme wa Kath, na Al-Biruni akakimbia hali ni kijana wa miaka 22, hana mali wala mlinzi. Alifika Rayy, na huko akaonja ufukara. Yeye mwenyewe ameeleza katika kitabu chake ya kuwa mnajimu mmoja tajiri alimdharau na kumkatalia maneno yake ya ilimu kwa sababu ya umasikini wake. Hata hali yake ilipotengenea, mtu yule yule akawa rafiki. Basi Al-Biruni akajua mapema ya kuwa haki haipimwi kwa nguo za msemaji.

Mwaka 387 (997) alikuwa amerejea Kath. Alipatana kwa barua na Abul-Wafa Al-Buzajani, mwanachuoni wa Baghdadi, kuwa usiku wa kupatwa kwa mwezi kila mmoja aangalie saa katika mji wake. Mwezi hupatwa mara moja kwa walimwengu wote, lakini saa za miji hazilingani. Na kila tafauti ya saa moja ni daraja 15 za mzunguko wa ardhi. Kwa tafauti ile wakajua umbali wa Kath na Baghdadi upande wa mashariki na magharibi. Watu wawili wasioonana walifanya kazi moja, na amana ya kila mmoja wao ndiyo iliyoisahihisha kazi ile.

Baadaye alikwenda Gurgan kwa Amiri Qabus bin Wushmagir, na huko, kiasi cha mwaka 390 (1000), akamtungia kitabu cha tarikhi za mataifa. Ndani yake alikusanya hisabu ya miaka na miezi na sikukuu za Waajemi, Mayahudi, Wakristo, Warumi na Waarabu wa kabla ya Uislamu. Kila kaumu aliisimulia kwa mujibu wa inavyojieleza wenyewe, kisha akazipima habari zao kwa hisabu ya nyota. Hapo ndipo ilipoonekana mara ya kwanza njia yake, nayo ni kuziunga ilimu mbili ambazo watu wamezoea kuzitenga: ilimu ya mbingu, na ilimu ya habari za watu.

Katika zama hizo alijadiliana kwa barua na Ibn Sina, aliyekuwa kijana kuliko yeye. Alimpelekea maswali 18 juu ya maneno ya Aristotle kuhusu mbingu na maumbile, akimtaka hoja mahali ambapo wengine walitosheka na jina la Aristotle tu. Majibu yalipomfikia hakuyakubali yote, akayarudi.

KUCHUKULIWA KWAKE GHAZNA

Alirejea Khawarizm akamtumikia Khawarizmshah Abul-Abbas Mamun miaka saba. Mwaka 1017 mfalme huyo aliuawa na jeshi lake mwenyewe, na Sultani Mahmud wa Ghazna akaingia na kuiteka nchi. Al-Biruni akachukuliwa Ghazna, pamoja na mwalimu wake Abu Nasr. Tangu siku hiyo hakuwa mtu wa kwenda atakako.

Lakini mwaka uliofuata, 409 (1018), alikuwa katika kijiji karibu na Kabul, hana ala hata moja, na moyo una mashaka. Akautwaa ubao wake wa hisabu, akachora nyuma yake kipande cha duara, akaligawa daraja kwa daraja, akatundika timazi, na kwa ala hiyo akapima kimo cha jua.

Kazi hiyo ilikuwa na makusudio. Alitaka kujua mahali hasa ilipo Ghazna ili aijue kibla yake. Katika mwaka 416 (1025) alikamilisha kitabu cha kuhakikisha masafa baina ya miji, na mwanzo wake akaeleza ya kuwa ilimu hizi zina haja katika dini na katika dunia. Kwani mwenye kusali ataelekea wapi, na nyakati za sala atazijuaje, pasi na jua kupimwa na masafa kuhisabiwa?

Na katika kitabu chake cha vivuli amesimulia habari ya mtu wa dini aliyeikataa ala ya kujulia nyakati za sala kwa kuwa imeandikwa juu yake miezi ya Kirumi. Al-Biruni alimrudi kwa kumkumbusha ya kuwa Warumi nao hula chakula na hutembea sokoni, basi na awaache kuwafuata katika hayo pia.

KUIPIMA ARDHI

Zamani za Khalifa Al-Mamun wanavyuoni walikwenda jangwani, wakatembea kusini na kaskazini mpaka nyota ikapanda au ikashuka daraja moja, kisha wakapima masafa waliyokwenda. Al-Biruni naye alitamani kufanya hivyo katika uwanda wa Gurgan, akakosa wa kumsaidia. Alipofika ngome ya Nandana, katika Punjab, aliona mlima umeelekea uwanda mpana ulio sawa. Alikipima kimo cha mlima kwa handasa kutoka chini, akakipata dhiraa 652 na kitu kidogo. Kisha akapanda juu, akaangalia mahali mbingu inapokutana na ardhi, akapima imeshuka kiasi gani chini ya mstari ulio sawa na jicho. Akapata dakika 34, yaani zaidi kidogo ya nusu ya daraja. Kwa vipimo viwili hivyo akatoa kipimo cha ardhi nzima. Kazi ya jangwani ilitaka msafara. Yeye alipanda mlima mmoja tu.

KITABU CHAKE CHA BARA HINDI

Sultani Mahmud alipiga vita Bara Hindi miaka mingi, na Al-Biruni akafika huko. Wengine walileta dhahabu na watumwa. Yeye alitafuta vitabu. Alikuwa amekwisha pita miaka 40, naye akaketi mbele ya walimu wa Kihindu kama mwanafunzi, akajifunza Kisanskriti, lugha ngumu ambayo sauti zake nyingi hazimo katika Kiarabu. Akafasiri vitabu vyao kwa Kiarabu, naye akaanza kuwatilia handasa ya Wayunani katika lugha yao.

Mwaka 421 (1030), kiasi Sultani Mahmud alipofariki, alikamilisha kitabu chake cha Bara Hindi chenye milango 80: itikadi zao, sheria zao, herufi zao, mizani zao, mito na nchi zao, hisabu na nyota zao. Yeye ni Mwislamu asiyeficha dini yake, na mahali pengi hakubaliani nao. Lakini alishika sharti ya kuwa kitabu si cha kushindana; mtu aelezwe kwanza kama alivyo, kwa maneno ya wanavyuoni wao wala si kwa uvumi wa adui zao. Naye akaandika wazi ya kuwa vita vya Mahmud viliharibu neema ya nchi ile, vikawatawanya watu wake na kuwatia chuki, na ilimu zao zikakimbilia mbali. Haya aliyaandika hali anaishi katika mji wa mtoto wa Mahmud.

Katika kitabu hicho hicho ametaja habari inayogusa pwani ya Afrika ya Mashariki. Alipoieleza Somnath, mji wa pwani ya Gujarat ulioshambuliwa na Mahmud mwaka 416 (1026), alisema ulikuwa bandari ya mabaharia, kituo cha wanaosafiri baina ya Sufala katika nchi ya Zanji na Uchina.

Hata udongo wa Bara Hindi aliuangalia. Aliona mawe makubwa yaliyoviringana yako karibu na milima, na kila mtu akienda mbali huwa madogo, mpaka karibu na bahari yakawa mchanga. Akaona ya kuwa uwanda ule ulikuwa bahari zamani, ukajazwa na taka za mito.

MBELE YA MASULTANI

Husimuliwa ya kuwa alikuja kwa Sultani Mahmud mjumbe kutoka nchi za mbali za Waturuki, akaeleza ya kuwa ng'ambo ya bahari ameona jua likizunguka juu ya ardhi bila ya kuchwa. Sultani akaghadhibika, akamdhania ni mzushi wa dini, na kwa Mahmud dhana kama hiyo ilikuwa karibu na upanga. Al-Biruni alipoulizwa alieleza kwa hisabu ya falaki sababu ya jambo hilo katika ncha za ardhi, na Sultani akaelewa. Hapo hisabu iliokoa mtu.

Sultani Masud, mwanawe Mahmud, aliipenda ilimu. Al-Biruni alimtungia kitabu kikubwa cha falaki, Al-Qanun Al-Masudi, na husimuliwa ya kuwa Sultani alimpelekea fedha mzigo wa ndovu, naye akairudisha kwa kuwa hana haja nayo.

UZEE WAKE

Katika zamani za Sultani Maudud aliandika kitabu cha vito na madini. Alitengeneza chombo chenye mrija ubavuni, akakijaza maji mpaka mdomo wa mrija, kisha akatia kito; maji yaliyomwagika aliyapima kwa mizani, na kwa hayo akajua uzito wa kila kitu ukilinganishwa na maji. Dhahabu aliiona nzito takriban mara 19 kuliko maji ya kiasi chake, na hivyo ndivyo ilivyo. Kwa njia hii mnunuzi hupambanua dhahabu safi na ya kughushi.

Kitabu chake cha mwisho kilikuwa cha dawa. Macho na masikio yamekwisha dhoofu, na twabibu mmoja akimsaidia. Kila mti wa dawa aliutaja kwa majina yake katika lugha nyingi, kwani jina likikosewa, mgonjwa hupewa sumu. Hapo ilimu ya lugha na ilimu ya utabibu zikawa kitu kimoja. Jumla ya vitabu vyake ni zaidi ya 100, na vingi vimepotea.

KUFA KWAKE

Wataarikhi wengi husema alifariki Ghazna mwezi 2 Rajabu mwaka 440 (Desemba 1048). Wengine huzidisha miaka miwili.

Imesimuliwa ya kuwa fakihi mmoja alikwenda kumzuru naye yu katika kukata roho, pumzi zikimgaragaza. Al-Biruni akamkumbusha mas-ala ya mirathi, fungu la mabibi, waliyokuwa wamezungumza siku moja, akataka amweleze. Fakihi akamhurumia, akamuuliza je, katika hali hii? Akamjibu ya kuwa kuiaga dunia hali anaijua mas-ala hiyo ni bora kuliko kuiaga hali haijui. Basi akamweleza, naye akairudia mpaka akaihifadhi. Fakihi akatoka, na kabla hajafika mbali akasikia kilio nyuma yake.

Mtu aliyeipima ardhi alikufa akijifunza fungu la mirathi. Hakuona ya kuwa jambo hilo ni dogo kwa aliyekwisha pima nyota, wala hakuona haya kuwa mwanafunzi wa fakihi, kama asivyoona haya zamani kuwa mwanafunzi wa Wahindu. Mwenyezi Mungu amrehemu, na awape waliobaki hamu kama yake.