Night Train Lane: Alikosa namba, akaweka rekodi ya NFL

Mwaka 1952, Dick Lane alikuwa kibarua wa kiwanda cha ndege Los Angeles. Kazi ikamchosha, akaenda ofisi za Rams, mabingwa wa futiboli ya Kimarekani, kuomba majaribio.

Kambini alianza kama mpokeaji pasi. Ila namba hiyo ilikuwa na wenyewe: Tom Fears na Elroy Hirsch. Benchi lilikuwa linamsubiri.

Kocha Joe Stydahar akamhamishia ulinzi. Msimu huohuo wa mechi 12, Lane alinasa pasi 14 za wapinzani. Rekodi hiyo haijavunjwa mpaka leo.

Jina Night Train? Lilitokana na santuri aliyopenda kupiga Fears, staa yuleyule aliyemziba.

Lane alifariki 2002.