Siti binti Saad: Kutoka Vyungu Hadi Santuri

Askari apitaye Kabuta, katika wilaya ya Nchelenge nchini Zambia, huwaona wanawake wa pwani ya Ziwa Mweru wakianika dagaa na kuwapeleka sokoni. Ni rahisi kuipita kazi hiyo bila kuitia maanani. Leo twamkumbuka mwanamke aliyeanza kwa biashara ndogo kama hiyo, na sauti yake ikavuka bahari.

Siti binti Saad alizaliwa Fumba, Unguja, yapata mwaka 1880, katika nyumba ya watu wa asili ya utumwa. Jina lake la kwanza lilikuwa Mtumwa. Kazi ya kwao ilikuwa ufinyanzi, naye alivitembeza vyungu akiwaita wanunuzi kwa sauti ya kuimba. Soko ndilo lililokuwa chuo chake cha kwanza.

Mwaka 1911 alihamia mjini. Huko alifunzwa muziki na Ali Muhsin, kisha akashirikiana na akina Subeit bin Ambar, Buda bin Swedi na Mbaruk Talsam. Wenye kijicho walimdhihaki kwa asili na sura yake. Akawajibu kwa wimbo kwamba akili hupita uzuri. Taarabu, iliyokuwa ikiimbwa kwa Kiarabu katika jumba la Sultani, yeye aliiimba kwa Kiswahili, ikawafikia wakazi wa Ng'ambo. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi santuri, nazo zikauzwa kwa maelfu katika Afrika ya Mashariki.

Wimbo wake uitwao Kijiti unatuhusu zaidi sisi tuliokabidhiwa usalama wa raia. Unasimulia habari za mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam aliyeuawa Unguja. Muuaji alitorokea bara, na wanawake waliotoa ushahidi ndio walioadhibiwa. Mfinyanzi asiyejua kusoma aliyaona makosa ya mahakama ya wakoloni, akayaweka wazi mbele ya umma.

Siti alifariki dunia mwaka 1950. Shaaban Robert aliandika wasifu wake, na baadaye wanahabari wanawake wa Tanzania wakaliita jarida lao Sauti ya Siti.

Twajifunza nini? Mwanamke atembezaye bidhaa barabarani si kero ya kufukuzwa. Yeye hulisha nyumba, na huenda ana kipaji ambacho taifa halijakisikia. Tumlinde, na aletapo ushahidi, tumsikilize.