Archimedes na Theluthi Mbili

Katika hisabati ya shule ya msingi hakuna sehemu inayopendwa kuliko 22/7. Mwalimu huipenda kwa kuwa asili yake ni ndogo. Akitoa kipenyo cha sentimeta 7, 14 au 21, hesabu hufutika vizuri na jibu hutoka namba nzima. Mwanafunzi naye huipenda kwa sababu hiyo hiyo. Lakini wengi huifundisha bila kujua ilikotoka, na matokeo yake ni kwamba watoto huamini kuwa pai ndiyo 22/7 hasa. Mtu aliyetuachia sehemu hiyo ni Archimedes wa Syracuse. Yeye hakuitoa kama jibu kamili, wala siyo sehemu aliyoithamini kuliko zote. Makala haya yanaeleza maisha yake kwa ufupi, kisha yanaonyesha jinsi mwanachuo anavyoweza kuyatumia darasani.

Kuzaliwa na elimu yake

Archimedes alizaliwa yapata mwaka 287 K.K. katika Syracuse, mji wa bandari wa Wagiriki uliokuwa katika kisiwa cha Sicily. Baba yake, Pheidias, alikuwa mtaalamu wa nyota. Inaaminiwa kwamba katika ujana wake Archimedes alikwenda kusoma Alexandria, Misri, mji uliokuwa kitovu cha elimu wakati huo. Kwa vyovyote vile, alikuwa na marafiki huko, miongoni mwao Conon wa Samos na Eratosthenes, mkuu wa maktaba mashuhuri ya mji huo. Maisha yake mengi aliyaishi Syracuse, akiwapelekea wenzake uvumbuzi wake kwa maandishi.

Watu wengi humkumbuka kwa hadithi ya taji la mfalme Hieron na maji ya bafu. Hadithi hiyo iliandikwa karibu karne mbili baada ya kifo chake. Kazi iliyompa heshima ya kudumu imo katika vitabu vyake vya hisabati.

Kati ya mipaka miwili

Katika kitabu chake kifupi kuhusu upimaji wa duara, Archimedes alitaka kujua mzingo wa duara ni mara ngapi ya kipenyo chake. Hakutumia uzi wala rula, bali alitumia fikra. Alichukua umbo la pande sita zilizo sawa lililomo ndani ya duara. Mzunguko wa umbo hilo ni vipenyo 3 kamili. Na kwa kuwa kila upande ulionyooka ni mfupi kuliko tao lililo juu yake, mzingo wa duara hapana budi uzidi 3. Kisha alichukua umbo la pande sita lililoizunguka duara kwa nje, ambalo mzunguko wake unazidi mzingo wa duara. Hivyo duara ilibanwa kati ya maumbo mawili.

Baada ya hapo aliongeza idadi ya pande mara mbili mbili: 6, 12, 24, 48, hata kufika 96. Kila alipoongeza, nafasi kati ya maumbo hayo mawili ilipungua. Ikumbukwe kwamba Wagiriki waliandika namba kwa herufi za alfabeti yao, na hawakuwa na desimali. Kazi yote aliifanya kwa sehemu. Mwishoni alithibitisha kwamba mzingo ni chini ya vipenyo 3 na 1/7, na ni zaidi ya vipenyo 3 na 10/71.

Basi 22/7, yaani 3 na subui moja, ni mpaka wa juu tu. Mpaka wa chini ni 223/71. Tofauti kati ya mipaka hiyo ni 1/497, nayo ni hesabu nzuri ya kutoa sehemu kwa Darasa la Sita au la Saba. Katika miaka ya 1760 Johann Heinrich Lambert alithibitisha kwamba hakuna sehemu yoyote ya namba nzima juu ya namba nzima inayoweza kuwa sawa kabisa na pai. Hata hivyo 22/7 inatosha kwa kazi nyingi: duara yenye kipenyo cha meta 7 hupewa mzingo wa meta 22, na kosa lake ni takriban milimeta 9 tu.

Sehemu aliyoithamini

Fahari ya Archimedes ilikuwa katika kitabu chake kuhusu tufe na silinda. Tuchukue silinda ambayo tufe inaingia ndani yake barabara, ikigusa ubavuni, juu na chini. Archimedes alithibitisha kwamba ujazo wa tufe ni theluthi mbili za ujazo wa silinda hiyo. Aidha alithibitisha kwamba eneo la uso wa tufe ni theluthi mbili za eneo la uso wote wa silinda, pamoja na vifuniko vyake viwili. Ukipima ujazo, jibu ni 2/3; ukipima uso, jibu ni lile lile. Wala hapa hakuna ukadiriaji, bali 2/3 ni kamili.

Je, aliivumbuaje? Kwa karne nyingi jambo hilo halikujulikana. Mwaka 1906 mtaalamu wa Denmark, Johan Ludvig Heiberg, alichunguza huko Constantinople kitabu cha sala cha karne ya 13. Ngozi zake zilikuwa zimekwanguliwa maandishi ya zamani ili zitumike tena, na maandishi hayo yalikuwa ya Archimedes. Humo alimweleza Eratosthenes kwamba kwanza aliyakata maumbo katika fikra yake vipande vyembamba, akavipima kama kwenye mizani, na kwa njia hiyo akagundua jibu. Ndipo baadaye akatafuta uthibitisho. Aliona kwamba ni rahisi zaidi kuthibitisha jambo ukiwa umekwisha kupata fununu yake. Kadhalika aliwapa waliomtangulia haki yao: alieleza kwamba Democritus ndiye aliyetangulia kutaja kuwa pia ni theluthi moja ya silinda yenye kitako na kimo sawa nayo, na Eudoxus ndiye aliyethibitisha.

Kifo na kaburi

Majeshi ya Roma, yakiongozwa na Marcellus, yaliizingira Syracuse. Archimedes, ambaye sasa alikuwa mzee, alitengeneza mitambo ya kurusha mawe na ya kuinua merikebu za adui, na mji ukastahimili kwa muda mrefu. Mwaka 212 K.K. mji ulitekwa, na askari mmoja wa Kiroma akamwua. Waandishi wa kale wanahitilafiana juu ya jinsi alivyouawa, lakini wanakubaliana kwamba Marcellus alisikitika.

Archimedes alikuwa amewaomba jamaa zake wamwekee juu ya kaburi tufe ndani ya silinda, pamoja na uwiano wake. Hakuomba mitambo ya vita iliyomletea sifa mbele ya watu. Mwaka 75 K.K. Cicero, akiwa ofisa wa Roma katika Sicily, alilitafuta kaburi hilo. Wenyeji walimwambia halipo. Alilikuta limefunikwa na miiba na vichaka, akalitambua kwa tufe na silinda zilizokuwa juu ya nguzo ndogo. Mji uliokuwa umelindwa na mtu huyo ulikuwa umekwisha kumsahau.

Mafunzo kwa mwalimu

Kwanza, usiwaambie watoto kwamba pai ni 22/7; waambie kwamba 22/7 ni kadirio zuri. Mtoto anayepima mkebe kwa uzi akapata 3.1 au 3.2, kisha akaambiwa amekosa kwa sababu jibu ni 22/7, hujifunza kutoamini macho na mikono yake. Madhara hayo ni makubwa kuliko kosa la hesabu.

Pili, wape watoto mipaka. Kwa bikari, waipige nusu kipenyo mara sita juu ya duara na kuunganisha alama. Wataona kwamba mzingo unazidi vipenyo 3. Kisha wachore mraba unaoizunguka duara. Wataona kwamba haufiki vipenyo 4. Hapo watakuwa wamefanya kazi ya Archimedes kwa hatua ya kwanza.

Tatu, vitendo vitangulie kanuni. Tengeneza pia na silinda za karatasi ngumu zenye kitako na kimo sawa, uwape watoto mchanga. Pia tatu zitajaza silinda moja. Kwa theluthi mbili, tafuta chungwa la mviringo linaloingia barabara katika mkebe, ukate mkebe ulingane nalo kwa kimo. Jaza maji, lizamishe chungwa polepole, kisha ulitoe. Maji yaliyobaki yatafika takriban theluthi moja ya mkebe. Waulize watoto yaliyomwagika ni sehemu gani, na uwaache wajibu wenyewe kabla ya kuandika chochote ubaoni.