Mason, mhandisi aliyekuwa meya Chicago ilipoteketea

ROSWELL B. Mason hakuingia katika uongozi kupitia siasa. Alizaliwa mwaka wa 1805 katika jimbo la New York, Marekani, na uhandisi aliujifunzia kazini, akiwa kijana katika ujenzi wa mfereji wa Erie.

Jina lake lilivuma alipokuwa mhandisi mkuu wa reli ya Illinois Central mnamo 1851. Kufikia 1856, reli hiyo ya zaidi ya kilomita 1,100 ilikuwa imekamilika. Baadaye alikuwa miongoni mwa waliosimamia kazi ya kugeuza mkondo wa mto Chicago, ili majitaka yasiingie katika Ziwa Michigan ambako wakazi walipata maji ya kunywa.

Mnamo 1869, wapigakura waliochoshwa na ufisadi wa madiwani walimchagua kuwa meya wa Chicago.

Usiku wa Oktoba 8, 1871, baada ya ukame mrefu, moto ulizuka katika jiji hilo lililojaa nyumba za mbao. Mason alituma simu za maandishi kuomba msaada wa wazimamoto kutoka miji mingine. Hata hivyo, kabla ya mapambazuko, paa la kituo cha kusukumia maji liliteketea na mitambo ikasimama. Jiji lililo ufuoni mwa ziwa likakosa maji ya kuzima moto. Watu wapatao 300 walifariki na wengine 100,000 wakabaki bila makao.

Mason alitangaza bei ya mkate ili wafanyabiashara wasiwapunje waathiriwa. Misaada aliikabidhi shirika la hisani badala ya madiwani, na usalama akamwachia Jenerali Philip Sheridan.

Uamuzi huo wa mwisho ulizua mzozo. Gavana John Palmer alishikilia kuwa meya hakuwa na mamlaka ya kuliweka jiji mikononi mwa jeshi la taifa. Mlinzi wa kujitolea alipomuua kwa risasi kiongozi wa mashtaka wa jiji, lawama zilizidi, na ulinzi huo ukaondolewa kabla ya mwezi kwisha.

Mason hakuwania tena kiti hicho. Alifariki mwaka wa 1892, akiwa ameishi kuona Chicago ikijengwa upya, ikitegemea kwa kiasi kikubwa reli alizosaidia kuziunda.