Papa aliyefika Kisangani, na ugonjwa uliomkaza mwili

Tarehe 6 mwezi wa tano 1980, Papa Yohane Paulo wa Pili alisoma misa hapa Kisangani, kisha akaelekea Nairobi. Alikuwa karibu kutimiza miaka 60, mwanaume wa kupanda milima. Wakati wa ujana wake alivunja mawe kwa kazi. Nani angewaza kwamba mwili ule utakuja kumkatalia hata kutabasamu?

Alizaliwa Wadowice, Polandi, mwaka 1920, kwa jina la Karol Wojtyła. Mama yake alikufa angali mtoto wa miaka 8. Kaka yake, mganga wa hospitali, aliambukizwa na mgonjwa aliyekuwa anamtunza, akafa 1932. Baba naye akaenda 1941. Karol akabaki peke yake na miaka 20. Akawa padri 1946, Papa 1978. Mwaka 1981 alipigwa risasi, akapona. Na 1985 alirudi Zaire, akamtangaza Anuarite, binti wa pande zetu za Wamba, kuwa mwenye heri.

Kisha, miaka ya 1990, watu wakaona mkono wake wa kushoto unatetemeka. Ilikuwa Parkinson. Katika ugonjwa huu ubongo unakosa dopamini, ile kemikali inayosaidia viungo kutembea bila kukwama. Dopamini ikipungua, kemikali nyingine, asetilikolini, inapata nguvu kupita kiasi, na misuli inakaza. Hata uso unakaza: mtu anaonekana amenuna, kumbe hajanuna. Huku kwetu mzee akikaa hivyo, kuna familia zinazomfungia ndani, ao zinaanza kutafuta mchawi.

Kuna shida nyingine. Wagonjwa wengi wanafikia kusahau, sababu sehemu zingine za ubongo zinakosa asetilikolini ile ile. Dawa kama rivastigmini inazuia kolinesterasi, kitu mwilini kinachoivunja, ili ikae zaidi. Sasa waganga wakajiuliza: tukiongeza asetilikolini juu ya kumbukumbu, si tutamkaza mgonjwa zaidi? Uchunguzi uliotangazwa 2004, juu ya wagonjwa 541, ulileta jibu la kiasi. Kumbukumbu ilipata nafuu, lakini ndogo. Kutetemeka kulisumbua karibu wagonjwa 10 kwa 100, na kati ya wale waliopewa kidonge kisicho na dawa, karibu 4. Lakini vipimo vya misuli na mwendo kwa jumla havikuharibika. Kwa hiyo dawa hii inatolewa na mganga anayemfuata mgonjwa karibu. Si ya kununua sokoni.

Papa hakujificha. Alisukumwa kwenye kiti mbele ya ulimwengu mzima, mate yakimtoka wakati mwingine, na bado akasafiri. Tarehe 30 mwezi wa tatu 2005 alitokea dirishani Vatikano, akajaribu kuzungumza na watu waliojaa uwanjani. Sauti haikutoka. Akawabariki kwa mkono. Alikufa siku tatu baadaye, tarehe 2 mwezi wa ine, na miaka 84.