Mchungaji Aliyetundika Matenga: Maisha ya James Naismith

Nilipokuwa chuo cha ualimu tulicheza mpira wa kikapu kila jioni kwenye uwanja wa udongo, na ringi lenyewe halikuwa na wavu. Miaka mingi nikawafundisha wengine mchezo huo bila kujua kwamba aliyeuanzisha alikuwa mtu aliyesomea uchungaji. Leo napenda tumfahamu.

James Naismith alizaliwa tarehe 6 Novemba, 1861, karibu na mji wa Almonte huko Kanada. Mwaka 1870 homa ya matumbo iliwaua baba na mama yake, naye akiwa angali mtoto mdogo. Akalelewa na mjomba wake, Peter Young, mkulima asiyependa mchezo na kazi. Kijana aliacha shule akaenda kukata magogo msituni, kisha akarudi darasani akiwa mtu mzima miongoni mwa watoto. Walimu wenzangu wanajua ugumu wa jambo hilo.

Alipata shahada yake Chuo Kikuu cha McGill mwaka 1887, na mwaka 1890 akamaliza masomo ya theolojia katika chuo cha Wapresbiteri mjini Montreal. Wengi walimtazamia aingie mimbarani. Yeye akaenda Springfield, Marekani, kwenye shule ya Y.M.C.A. iliyofundisha viongozi wa vijana. Dada yake Annie hakulipenda jambo hilo hata kidogo. Nyakati zile watu wengi wa dini waliona michezo kuwa upotevu, naye Naismith aliamini kwamba kijana aweza kufunzwa tabia njema uwanjani sawa na kanisani.

Mwishoni mwa mwaka 1891 mkuu wake, Luther Gulick, alimkabidhi darasa la wanaume 18 waliochoshwa na mazoezi ya ndani wakati wa baridi. Walimu wengine walikuwa wamekwisha shindwa nao. Alipewa siku 14 tu abuni mchezo mpya. Alijaribu kuingiza ukumbini michezo ya nje, lakini watu waliumizana. Siku zikawa zinakwisha.

Hapo akakumbuka mchezo wa utotoni, wa kulenga kijiwe kilichowekwa juu ya mwamba. Aliyerusha kwa nguvu alikosa, na jiwe lake likaenda mbali. Aliyelirusha taratibu likapanda na kushuka ndiye aliyefaulu. Watoto wetu hapa Sanje wanaopopoa maembe wanaijua siri hiyo. Basi akaona goli liwekwe juu ya vichwa, ili nguvu zisifae kitu, na mwenye mpira asiruhusiwe kukimbia nao, ili asipatikane wa kumwangusha. Alimwomba mtunza jengo masanduku mawili. Bwana yule hakuwa nayo, akampa matenga mawili ya mapichi. Yakapigiliwa kwenye roshani, futi 10 kutoka chini. Naismith akaandika kanuni 13, akazibandika ukutani. Mchezo wa kwanza walikuwa tisa kila upande, na likafungwa goli moja tu. Matenga yalikuwa na kitako, kwa hiyo mpira ukiingia ilibidi mtu aupandie kuutoa.

Hakutajirika kwa mchezo huo. Alisomea udaktari huko Denver, na mwaka 1898 akaenda Chuo Kikuu cha Kansas kuongoza ibada na mazoezi ya viungo. Timu aliyoifundisha huko ilishinda mara 55 na kushindwa mara 60! Mimi sioni aibu yake; hakuupenda mchezo kwa sababu ya kushinda. Mwaka 1936, akiwa mzee, makocha walichangishana nauli akauone mchezo wake ukichezwa katika Olimpiki ya Berlin.

Mwaka uliofuata alishirikiana na Emil Liston wa Chuo cha Baker kuanzisha mashindano ya taifa ya vyuo vidogo, katika ukumbi wa manispaa ya Kansas City. Vyuo vikubwa vilikuwa na sifa na fedha, lakini vijana wa vyuo vidogo hawakuwa na mahali pao pa kupimana. Mwaka 1937 zilikuja timu 8, na Central Missouri wakatwaa ubingwa. Mwaka 1938 zilikuja timu 32. Naismith alifariki tarehe 28 Novemba, 1939.

Hapa sharti niseme jambo lisilopendeza. Mashindano hayo yalikuwa na kanuni ya kuwazuia wachezaji weusi, nayo haikuondolewa hadi mwaka 1948. Huko Kansas, Naismith alikuwa amempokea mwanafunzi mweusi, John McLendon, aliyefika mwaka 1933. Chuo hakikumruhusu kuchezea timu yake, hivyo mzee akamlea kama mwanafunzi wake na kumfunza kazi ya ukocha hadi alipohitimu mwaka 1936. Kumfungulia mlango wa timu hakuweza, ila maarifa yake hakumnyima.

Mwaka 1957 McLendon alirudi Kansas City na vijana wa chuo cha weusi cha Tennessee A & I. Walitwaa kombe katika ukumbi uleule. Wakalitwaa tena mwaka 1958, na tena mwaka 1959.