Daktari Aliyefuata Maji

Leo nawaletea daktari John Snow, aliyezaliwa mwaka 1813 huko York, Uingereza, mtoto wa kibarua. Wakati wake wakubwa walisema ati kipindupindu huletwa na hewa chafu. Yeye akasema, hapana, ni maji.

Mwisho wa Agosti 1854 ugonjwa ukalipuka Soho, London. Ndani ya siku kumi watu zaidi ya 500 wakafa. Snow akaenda akiuliza: marehemu alikuwa anakunywa maji ya wapi? Kumbe wengi ni pampu moja tu, ya Broad Street! Tarehe 8 Septemba mpini wake ukang'olewa.

Lakini mimi nampenda zaidi kasisi kijana wa mtaa huo, Henry Whitehead. Hakumwamini Snow hata kidogo. Akazunguka kwa waumini wake, nyumba hadi nyumba, apate kumkosoa, akarudi amekubali. Tena ndiye aliyempata mama mmoja aliyefiwa na mtoto mchanga: maji ya kufulia nepi za mtoto yalimwagwa shimoni, karibu kabisa na kisima cha pampu. Mama huyo alimfungulia mlango kasisi anayemjua.

Snow alifariki 1858, miaka 45 tu, wakubwa wengi bado wakibisha.